Jicho la Baba Mapacha

Kitanda cha ndoa yake alikiunda mwenyewe, kwa mabomba yaliyobaki kwenye kazi ya geti, na kwa haraka ya bwana harusi. Kikawa kinalia. Kilipiga kelele mpaka jirani wa chumba cha pili akawa anagonga ukuta, na asubuhi akimkuta fundi mlangoni anamsalimu huku anacheka, "Vipi fundi, kazi ya jana ilikwenda salama?" Bibi harusi aliona haya, akasema hataguswa tena mpaka kitanda kirekebishwe. Siku ile ile mashine ya kuchomelea ikabebwa begani mpaka chumbani, kila kiungo kikapigwa moto upya, na kitanda kikanyamaza. Haukupita muda wakazaliwa mapacha, wasichana wawili, na mtaa mzima ukasahau jina alilopewa na wazazi wake. Akawa Baba Mapacha.

Ni jina zuri, lakini si jepesi kulibeba. Kule karakana, walikotengeneza mageti na vyuma vya madirisha, wenzake hawakumwacha apumue. "Sisi tukihangaika tunapata mmoja," walisema, "mwenzetu akigusa tu, wawili." Naye alicheka nao, kifua mbele. Mwanamume akisifiwa kwa jambo hilo haulizi kama sifa ni ya haki au si ya haki, anaipokea tu.

Mambo yalianza kumgeuka mwaka ambao mapacha waliingia darasa la saba. Hakuugua, hakuanguka, hakugombana na mtu. Jioni moja mwili ulikataa tu. Akasema ni uchovu. Wiki iliyofuata ukakataa tena, akasema ni joto. Akanunua mizizi kwa mtu aliyetandaza turubai kando ya barabara na kuapa kwa mama yake mzazi kwamba dawa ile inasimamisha hata mlingoti, akainywa, moyo ukamwenda mbio usiku kucha, na kilichosimama kikawa nywele za mikono peke yake. Watu husema jogoo hawiki, wakacheka, na neno hilo huchekesha kweli mpaka siku jogoo atakapokuwa wako.

Mkewe alikuwa akishona mapazia pale pale nyumbani, kwenye cherehani iliyowekwa karibu na dirisha. Alikuwa mtu wa maneno machache na macho mengi. Alivumilia uchovu, akavumilia joto, akavumilia mume anayebaki karakana mpaka giza ili arudi kila mtu amelala. Halafu mwaka wa pili, siku moja akiwa ameshika pini mdomoni, akamuuliza bila kugeuka, "Una mtu?"

Baba Mapacha hakujibu. Na katika kutojibu kule aliona mlango umefunguka. Mwanamume mwenye hawara husemwa. Mwanamume asiyeweza huchekwa. Akachagua kusemwa.

Ukimwita mjinga hutakuwa umemwonea, maana hakuishia kunyamaza. Alinunua manukato ya kike, yale ya chupa ndogo yanayouzwa na wapita njia, akawa anajipaka kwenye kola kabla ya kuingia nyumbani. Mtu asiyeweza kumgusa mke wake mwenyewe, akawa anahangaika kujisingizia uzinzi! Mapacha walinusa, wakatazamana, wakainamia vitabu vyao. Mama yao alinusa pia. Hakupiga kelele. Alifua shati, akalianika, na baada ya majuma kadhaa ya kufua manukato ya mwanamke ambaye hakuwepo, akasema, "Nimeongea na kaka. Ana chumba. Shule zikifungwa nachukua watoto, naenda."

Hapo ndipo fundi alipotambua kwamba ukuta aliojijengea hauna mlango wa kutokea. Akikana hawara, ataulizwa sababu. Akitaja sababu, basi Baba Mapacha amekufa. Njia ilikuwa moja tu kichwani mwake, apone kabla shule hazijafungwa. Akipona, hatakuwa na haja ya kueleza lolote, mke atajionea mwenyewe.

Akaenda hospitali ya upande wa pili wa mji, asikojulikana. Walimpima damu, wakampima sukari, wakampima presha, wakamtazama mpaka pale ambapo hakutaka kutazamwa. Majibu yalipotoka, daktari akamwambia mwili wake ni mzima.

"Sasa tatizo liko wapi?"

"Huenda liko kichwani."

"Mimi si kichaa, daktari."

"Sijasema kichaa. Hamu huanzia kwenye ubongo kabla haijafika kokote. Ubongo usipotoa amri, huko chini wataamkaje?" Daktari akamweleza kwamba jengo la nyuma kuna watu wanafanya utafiti wa jambo hilo hilo. Wanawatafuta wanaume ambao mwili hauna kasoro lakini shughuli imekataa, wanawalinganisha na wanaume wasio na shida. Unalazwa ndani ya mashine, unaonyeshwa picha, na mashine inatazama ni sehemu gani za ubongo zinaamka na zipi zimelala.

Mkuu wa utafiti alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya upole. Baba Mapacha alitamani ardhi ipasuke immeze alipogundua kwamba ni mwanamke, lakini yule mama aliyazungumza mambo yenyewe kama mtu anayezungumzia bei ya mchele. "Kaka, nikueleze mapema," alisema. "Hii si tiba. Hutatoka hapa umepona. Sisi bado tunatafuta kujua. Pengine watakaokuja baadaye ndio watakaofaidika. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, daktari," akajibu. Hakuwa ameelewa. Yeye ni fundi, na kwa fundi kuona palipokatika ni nusu ya kazi, iliyobaki ni moto na chuma cha kuungia. Hakuna aliyewahi kuja karakana na geti bovu akaambiwa tumeona lilipovunjika, asante, nenda nalo nyumbani.

Siku ya kuingia kwenye mashine alivaa shati lake jeupe, lile la harusi na misiba. Alisugua mikono kwa mchanga na sabuni mpaka weusi wa chuma ukatoka kwenye kucha. Mkewe alimtazama akivaa, akarudisha macho kwenye pazia alilokuwa analipinda.

Kwenye chumba cha kusubiri alimkuta mwanamume mwingine, fundi magari kwa kumtazama tu. Muuguzi alimwita yule kwanza, na kwa kuwa mlango haukufungwa vizuri, maswali yalisikika. "Ndani ya mashine hii kuna sumaku kubwa sana. Una chuma chochote mwilini? Umewahi kuwekewa vyuma kwenye mfupa? Umewahi kufanya kazi ya kukata au kuchomelea chuma, kipande kikakuingia jichoni?" Fundi magari akasema ndiyo, zamani, lakini kilitoka. Muuguzi akamwambia basi leo haiwezekani, kwanza apigwe eksirei ya macho, halafu wataangalia, na orodha ni ndefu, labda miezi ijayo. Yule mtu akatoka ameshika kofia yake, hakumtazama mtu usoni.

Baba Mapacha hakuwa na miezi ijayo. Shule zilikuwa zinakaribia kufungwa.

Sasa lazima ieleweke jinsi macho yanavyotunzwa pale karakana. Miwani ipo, inaning'inia kwenye msumari, ina vumbi. Ukiivaa inafunga ukungu, huoni mstari unaoukata, kwa hiyo watu hukata chuma macho makavu, na kila baada ya siku chache mtu anapiga kelele na kushika uso. Hapo anaitwa Kope. Kope ni fundi mwenzao mwenye vidole vyembamba, na jina hilo alipewa kwa sababu ya kazi hiyo. Anamlaza mgonjwa kwenye benchi, anamfunua jicho kwa kidole gumba, na analeta sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio iliyokufa. Anaisogeza taratibu mpaka karibu kabisa na jicho, na kile kipande kidogo kinaruka, tik, kinanata kwenye sumaku. Watu wanashangilia, mgonjwa anajifuta machozi, kazi inaendelea. Kwa mafundi wale sumaku ilikuwa dawa ya jicho, kama vile maji yalivyo dawa ya kiu.

Na jicho la kushoto la Baba Mapacha lilikuwa na historia. Miaka mingi nyuma, kwenye geti la ghala, kitu kilimpiga. Kope alijaribu na sumaku, akajaribu na ncha ya kitambaa, mwisho akasema, "Hiki kimezama, ndugu yangu. Kitatoka chenyewe kikichoka kukaa." Maumivu yakaisha. Kilibaki kidoa cheusi kidogo ambacho alikiona akitazama mbingu mchana, naye alikizoea kama mtu anavyozoea ufa wa ukutani.

Kwa hiyo alipokaa mbele ya muuguzi na kusikia sumaku kubwa sana, hakuogopa. Alikaribia kufurahi. Sumaku ya spika ilishindwa kwa sababu ni ndogo. Hii ya hospitali, inayojaza chumba kizima, itashindwaje? Atatoka na jicho safi juu ya mengine yote.

"Kazi yako?" muuguzi akauliza.

"Nauza magodoro."

Muuguzi akatazama mikono yake, yenye makovu madogo madogo ya moto. "Na haya?"

"Mafuta ya kukaangia. Mama watoto anashinda na cherehani, jikoni nasimama mimi."

Muuguzi akacheka, akasema laiti wanaume wote wangekuwa hivyo. Akauliza la jicho, akajibiwa hapana. Akamwambia avue mkanda, funguo, na pete. Pete ilikataa, ilikuwa haijavuliwa tangu ivishwe, ikabidi waitoe kwa maji ya sabuni. Vyote vikatiwa kwenye mfuko wa plastiki.

Mashine ilikuwa bomba kubwa jeupe. Walimlaza kwenye ubao mwembamba, wakamziba masikio, wakambana kichwa, wakampa kijimpira mkononi. Akibanwa na lolote akiminye, watamtoa. Mbele ya macho waliweka kioo ambamo picha zingepita. Ubao ukaanza kuingia ndani, kichwa kwanza, na kabla mabega hayajaingia alihisi kitu kimegeuka ndani ya jicho la kushoto.

Hakikuruka, wala hapakuwa na tik. Kilijigeuza polepole, kama mtu aliyelala akitafuta upande mzuri, halafu kikavuta.

Alipaswa kuminya. Kila msomaji anajua alipaswa kuminya, na yeye mwenyewe alijua. Lakini mashine ilishaanza kugonga, ngo, ngo, ngo, kishindo cha nyundo kwenye bati, na kwenye kioo picha zilikuwa zinaanza. Akiminya watamtoa, wakimtoa wataona, wakiona hawatamwita tena. Kinavutwa, alijiambia, ndio kinatoka hicho, vumilia. Wakapita wanawake wazuri, waliovaa na wasiovaa, wakitabasamu kwa mtu mwingine asiyeonekana. Yeye alikuwa anatafuta kwa nguvu zake zote kuwatamani. Alikaza fikra kama mtu anayesukuma gari lililozimika. Akiwa katikati ya kusukuma, akamwaza mkewe na pini mdomoni, na kitu kikamgusa kifuani, cha moto na cha huzuni pamoja, na akajiuliza kama mashine ilikuwa imekiona hicho. Halafu picha upande wa kushoto zikaanza kuwa nyekundu. Halafu zikawa nyeusi. Hapo ndipo alipominya.

Usiku wa siku ile ile walimpasua, wakatoa kichuma kidogo kuliko punje ya mtama, kina kutu. Kilikuwa kimekaa bila kumsumbua mtu miaka yote ile, na sumaku ikakipitisha mahali pasipopitika. Damu ilikuwa imejaa jicho lote. Mama mtafiti alikuja asubuhi, amesimama kando ya kitanda macho yamemvimba kwa kukosa usingizi. "Kwa nini hukusema, kaka? Tuliuliza. Si tuliuliza?"

"Mliuliza."

"Sasa kwa nini?"

Badala ya kumjibu akauliza, "Picha zilisemaje? Mliona kilipolala?"

Yule mama akavuta kiti, akaketi. Akamwambia kwamba chuma kikiwa jichoni huharibu picha, na kwenye picha zake sehemu yote ya mbele ya ubongo, ile ile waliyoitaka zaidi, ilikuwa giza tupu. Hawakuona kitu. Alimwomba radhi, ingawa hakuwa na kosa, akasema hatamwambia mtu yeyote sababu ya yeye kuwa pale, hata mkewe, asipotaka mwenyewe.

"Mwambie ni ajali ya kazini," akasema Baba Mapacha.

Lakini mkewe, aliyepigiwa simu na wodi, alikuwa ameshafika mlangoni akamsikia, na muuguzi wa wodi alikuwa ameshamkabidhi vitu vya mgonjwa. Aliingia ameshika ule mfuko wa plastiki. Akauweka juu ya shuka, mkanda, funguo, pete. Shati jeupe la harusi na misiba lilikuwa limekunjwa juu ya kabati, na tone moja la damu kwenye kola.

"Ajali ya kazini," akasema. "Na shati hili."

"Mama Mapacha..."

"Hukwenda kazini. Nimepita karakana, Kope kaniambia hukuonekana. Umevaa vizuri, umevua pete. Imetoka vipi pete hii? Mimi mwenyewe nilishindwa kuitoa ulipovimba kidole. Huyo mwanamke amekufanya nini mpaka jicho likapasuka? Au ni mumewe?"

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kifo hakikuwepo pale, lakini kuumbuka kulikuwepo, na Baba Mapacha aliutazama mfuko wa plastiki kwa jicho lililobaki. Angeweza kusema ndiyo, ni mumewe. Uongo ule ulikuwa tayari, umeletwa na mke mwenyewe, kazi yake ilikuwa kuuitikia tu. Alifungua mdomo kuuitikia, akashindwa. Alichoka. Akamweleza yote, kuanzia jioni ya kwanza mpaka kijimpira, na manukato pia, na jinsi alivyokuwa akiyapaka nyuma ya duka la kona kabla hajaingia nyumbani.

Mama Mapacha alisikiliza bila kukatiza. Alipomaliza, alicheka kidogo, kicheko kibaya, halafu akajifunika uso kwa kanga.

"Miaka miwili," alisema ndani ya kanga. "Miaka miwili nimejitazama kwenye kioo. Nimeoga majani, nimefunga kula, nimesuka nywele kila wiki. Nimewauliza wenzangu kwa siri kama nina harufu. Watoto wangu wamenikuta nalia chooni. Nikajua nimeoza, kwa hiyo mume wangu ametafuta mzima. Aibu uliyoikimbia wewe, nimeibeba mimi."

Baba Mapacha akausogeza mfuko wa plastiki pembeni.

"Nitakurudisha nyumbani," akasema alipotulia. "Siwezi kumwacha mtu na kidonda. Nitakutia dawa mpaka daktari aseme basi. Akisema basi, na mimi basi."

Na alitimiza. Kila jioni alimlaza kwenye kile kitanda cha mabomba, akafunua jicho lililokufa kwa kidole gumba, akadondosha dawa, akakaa kitako kando yake mpaka isambae. Vidole vyake vilinuka nyuzi na chaki ya kuchoria vitambaa. Hapo waliongea, maana hakuna la kufanya wakati dawa inasambaa. Waliongea juu ya geti la ghala, juu ya jirani aliyekuwa anagonga ukuta, na safari moja walicheka wote wawili, mpaka mapacha wakachungulia mlangoni. Mwili wake ulikuwa kimya vile vile, lakini alikuwa anaguswa, na hakuwa amejua jinsi alivyokuwa na njaa ya kuguswa tu. Mchana kutwa alikuwa akiingoja jioni.

Shule zikafungwa. Akaenda kwa daktari wa macho, naye akamulika, akaandika, akazima taa yake. "Kidonda kimepona vizuri. Dawa acha. Kuona kwa jicho hilo, nasikitika, hakutakuwepo."

Alipita karakana akiwa na chupa mfukoni. Kope, ambaye tangu siku ile hakuigusa tena sumaku yake, aliitazama ile chupa kwenye mwanga. "Imebaki nusu," akasema. "Nani anajua daktari kasema nini? Nyamaza, bwana. Ikiisha, kanunue nyingine."

Lilikuwa shauri la rafiki, naye alilibeba njia nzima.

Nyumbani mkewe alikuwa ameshaosha mikono. "Lala nikutie," akasema. Akalala. Kidole gumba kikafunua jicho, chupa ikainama juu yake, naye aliona kwa jicho zima tone likijikusanya mdomoni mwa chupa.

"Daktari amesema basi," akasema. "Kimepona."

Mkono ulibaki palepale. Kisha tone likarudi ndani, na kifuniko kikafungwa.

"Ungeweza kuninyamazia," akasema mkewe.

"Ningeweza."

Alikaa kando yake kwa muda, kama vile kuna dawa inayosambaa. "Laiti ungeanza hivi," akasema, na hapakuwa na hasira katika sauti yake. "Ningekaa, baba. Wallahi ningekaa." Akainuka, akawaita mapacha walete sanduku.

Baba Mapacha alilibeba yeye mwenyewe mpaka barabarani, na cherehani pia, akipapasa njia upande wa kushoto. Aliporudi alikaa kitandani, upande wa mkewe. Kiungo kimoja kilikuwa kimeachia bila wao kujua, kitanda kikalia. Mashine ya kuchomelea ilikuwa pale karakana, si mbali. Hakukichomelea.